Mkoromo wa Kufukuza Fisi

Mwanangu, wewe unayemrekodi mumeo akikoroma ili ucheke na wenzako, weka hiyo simu chini. Nakumbuka siku moja tulipokwenda Nangwa kumposea shemeji yangu, na mume wangu ndiye aliyekuwa msemaji wetu.

Nilikuwa bado mke kijana. Mzee wangu huyu alikuwa anakoroma mpaka sufuria zinalia. Kwetu Dirma tulilala nyumba moja na ng'ombe, na mama mkwe alijisifu kwa majirani: "Mwanangu akilala, fisi hathubutu kusogea." Ili mlinzi asipoteze sauti, akawa anamnywesha mafuta ya kondoo kila jioni. Weee! Shingo ikanenepa, na mkoromo nao ukanenepa. Mchana akawa anasinzia hata akishika plau, maksai wakavuka mpaka wa shamba, wakalima maharage ya jirani. Nilicheka tu. Usiku pumzi ilikuwa inamkatika, kimya, halafu anashtuka akihema. Nikadhani anaota.

Basi, Nangwa tukasalimia, shikamoo kwa kila mzee, tukakaa. Mume wangu akaanza kwa heshima: "Wazee wetu, tumekuja kwa sababu katika nyumba hii tumeona..." Akanyamaza. Wenyeji wakainamisha vichwa wakingoja neno zito. Neno likaja: khorrrr!

Baba wa binti akachukua fimbo yake, akasema amedharauliwa nyumbani kwake. Shemeji yangu maskini akabaki kukodoa macho, mke anaponyoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi yake yule binti akainuka, akamsogelea mume wangu na kutega sikio. Mkoromo ukakatika. Akamtikisa mpaka akavuta pumzi, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye mkewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Huwa yuko hivi?"

"Kila siku, bibi. Anafukuza fisi."

"Fisi! Wangu alikoroma hivihivi. Usiku mmoja akanyamaza, nikamshukuru Mungu nimepata usingizi. Asubuhi nikamkuta wa baridi. Mpeleke hospitali, wewe mtoto, kabla hujapata usingizi mzuri."

Mwanangu, nililia palepale mbele ya wakwe. Posa ilikubaliwa, maana bibi aliwaambia mgonjwa hamdharau mtu. Hospitali wakatueleza kwamba koo linaziba akilala, hasa akilala chali. Mafuta ya kondoo yakakoma, pombe ya jioni ikakoma, tumbo likapungua. Nikamshonea mpira wa matambara mgongoni mwa shati ili alale ubavu. Alinuna, lakini alipumua. Uzeeni tatizo likarudi, wakampima akiwa usingizini, wakampa mashine ya kusukuma hewa yenye barakoa ya puani. Wajukuu walipomwona nayo mara ya kwanza walikimbilia zizini. Na fisi? Tukafuga mbwa, basi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mkoromo si shibe wala ushujaa, na mafuta ya kondoo hayafungui koo. Ukisikia pumzi imekatika, usigeukie ukutani ukashukuru. Mwamshe, na kukicha mpeleke kwa daktari, hata akinuna.

Mungu awape uzee wa kitanda kimoja, na asubuhi ukimwita mwenzako, aitike.