Meza ya Mwalimu Hupimwa kwa Shibiri

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mlango wa nyuma unafunguliwa. Mwanamke mmoja wa makamo anavua viatu kizingitini, ingawa ndani hamna mtu wa kumwambia avue. Anafungua dirisha, anakung'uta kitambaa nje, kisha anaisogelea meza iliyo chini ya dirisha hilo.

"Habari za kulala, jamani," anasema.

Anaowasalimia ni vitu. Kuna kikombe kilichokatika mkono, kimejaa penseli. Kuna kamusi nene iliyobanduka jalada, imefungwa kwa ukanda wa suruali. Kuna jiwe jeusi la kukandamizia karatasi, taa ya shingo ndefu, saa iliyokata tamaa saa tisa na dakika kumi, kifutio kilicholika hadi kubaki kama punje ya harage, na miwani tatu ambazo hakuna hata moja inayosaidia tena. Vyote kwa jumla ni kumi na vinne.

Anainua kimoja, anakipangusa, anapangusa na mahali kilipokaa, anakirudisha. Ndipo anagusa cha pili.

"Nikiinua viwili kwa mpigo, kimoja kitasahau kwao," anaeleza.

Halafu anakunjua kiganja na kupima. Kutoka ukingoni hadi kikombe cha penseli ni shibiri moja na vidole viwili. Kutoka kikombe hadi jiwe, vidole vinne. Ndiyo maana mwenye meza alimpa jina la Shibiri, na mtaa mzima ukalipokea. Hata karani wa zahanati anakofanya usafi mchana humwandika hivyo hivyo kwenye daftari la mahudhurio.

Mwenye meza ni mwalimu mstaafu, mjane, mtunzi wa riwaya sita. Shibiri amemfanyia usafi miaka kumi na mmoja. Sasa ni mwezi wa saba kiti hiki hakijakaliwa, na yeye anakuja kila asubuhi kwa nusu ya mshahara.

"Watu wananicheka. Wananiambia, wewe umeolewa na meza," anasema. "Nawajibu, afadhali meza, haikoromi."

Anacheka, kisha anatazama kiti, na kicheko kinaishia njiani.

Wiki yake ya kwanza katika nyumba hii nusura iwe ya mwisho. Aliikuta meza imetapakaa, naye akataka kuonyesha kwamba anajua kazi. Akapanga kila kitu kwa kimo, kirefu nyuma na kifupi mbele, kama watoto wa shule mstarini. Penseli fupi akazitupa.

Hakujua kwamba macho ya Mwalimu yalikuwa yameanza kufifia, na kwamba alikuwa hajamwambia mtu. Mzee akakaa, akapeleka mkono kwenye chai, pale pale ilipokaa miaka yote. Mkono ukakutana na chupa ya wino. Kurasa arobaini za kazi ya mkono zikazama.

"Nilianza kukunja khanga zangu kabla hajafungua mdomo," Shibiri anakumbuka. "Nilijua sina kazi tena."

Mwalimu akasema, "Kosa si lako. Nimewaficha watu macho yangu, na wewe nimekuficha. Ungejuaje?" Akaomba chai nyingine.

Kesho yake alimshika mkono akampitisha kitu kwa kitu, akimwonyesha kila kimoja kinapokaa. Kwa kuwa kiganja cha mzee ni kikubwa, waligundua kwamba shibiri yake ni sawa na shibiri ya mwanamke huyu na vidole viwili juu. Tangu siku hiyo hakuna kilichohama.

Macho yaliendelea kuzima. Mistari ya Mwalimu ikawa inapandana kama mbuzi zizini. Shibiri akachukua fremu ya picha iliyovunjika kioo, akaipeleka kwa jirani yake fundi seremala, akamwomba apigilie misumari midogo pande mbili. Mwenyewe akavuta nyuzi za nailoni kutoka msumari hadi msumari. Karatasi ikiwekwa chini yake, mkono unapita kati ya uzi na uzi bila kupotea.

"Nilimwekea mezani, sikusema kitu. Akapapasa uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Hakuna shukrani nyingine aliyowahi kuitaka.

Kabla ya kuondoka kila siku, Mwalimu alimwomba amsomee ukurasa wa siku hiyo. Shibiri aliishia darasa la sita, na mwanzoni alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Mzee hakumharakisha. Akikwama, alisubiri. Kwa njia hiyo, mwanamke huyu alizisoma riwaya mbili kabla ya mtu mwingine yeyote duniani.

Ya tatu ndiyo iliyokatika. Inahusu dobi aliyekuta barua mfukoni mwa shati la mteja. Imelowa. Ameikausha kwa pasi taratibu, na sasa ameishika mkononi. Ataisoma, au atairudisha bila kuisoma?

Walibishana Ijumaa nzima.

"Atairudisha," Shibiri alisema. "Dobi mwenye adabu hasomi mifuko ya watu."

"Wewe ungeirudisha?"

"Mimi ningeisoma, Mwalimu. Lakini mimi si dobi."

Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Haya. Tutaona Jumatatu," alisema.

Jumatatu Shibiri alimkuta sakafuni. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Majirani walimkimbiza hospitali, na alipotoka, binti yake alimchukua akaishi naye, mwendo wa saa mbili kwa basi, ghorofa ya nne.

Asubuhi hii binti huyo anafika na maboksi matupu. Ni mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Ana watoto watatu katika vyumba viwili, na sasa ana baba. Mwenye nyumba anataka nyumba yake mwisho wa mwezi.

"Shikamoo, mama mdogo," anasema. Humwita hivyo ingawa hawana undugu wa damu.

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

"Yupo. Anakaa tu." Anaweka maboksi chini. "Mama mdogo, nisamehe. Vitu nitavifunga, lakini meza hii haina pa kukaa kwangu. Kuna mtu ataichukua kesho kutwa."

Shibiri ameshikilia kitambaa. "Na Mwalimu ataandikia wapi?"

"Haandiki tena."

"Nani kasema?"

Binti anatoa simu, anampigia baba yake, anaweka sauti ya juu na kuilaza mezani.

"Shibiri," sauti inasema. Imekonda kuliko alivyoizoea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwache mtoto auze. Macho yameisha kabisa. Hata mwanga wa dirisha siuoni."

Shibiri anakaa kwa mara ya kwanza asubuhi hii, si kwenye kile kiti bali kwenye boksi lililopinduliwa.

"Macho tulikuwa hatuyatumii, Mwalimu," anasema polepole. "Mbona mwaka mzima umeandika kwa uzi?"

Anaiinamia simu.

"Na yule dobi? Umemwacha kasimama na barua miezi saba. Si miguu imeshamvimba?"

Upande wa pili kinasikika kitu, huenda ni kikohozi, huenda ni kicheko. "Mimi mwenyewe sijui atafanya nini," mzee anasema mwishowe. "Hapa nakaa kitandani naona kiza. Nikinyoosha mkono, sijui nitagusa nini."

"Basi ndiyo hiyo," anasema Shibiri. "Huna meza."

Anamgeukia binti. "Mwanangu, huyo mnunuzi mwambie meza imepata mtu. Nitaichukua mimi. Na baba utaniletea siku moja kwa wiki, siku utakayoweza. Nawe siku hiyo ulale."

Binti anajifunika uso kwa viganja. Akiviondoa, anauliza tu, "Jumamosi?"

"Jumamosi."

Shibiri anaishi katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi seremala. Meza haikupita mlangoni. Fundi aliifungua miguu, akaipitisha ubavu, akaijenga upya ndani, huku akiguna.

"Dada, sasa wewe utalala wapi? Kwenye droo?"

"Droo imejaa maneno ya watu. Wewe kaza misumari."

Kitanda kimesogezwa hadi nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango haufunguki zaidi ya nusu. Kabati la vyombo limehamia nje, chini ya paa. Haya yote ni kwa sababu ya dirisha. Mwalimu alizoea jua la asubuhi limguse shavu la kushoto. Alisema hivyo ndivyo anavyojua siku imeanza. Basi meza imebidi ikae hapo na si pengine.

Jumamosi ya kwanza mzee hakuja; presha ilikuwa juu. Jumamosi ya pili binti alipiga simu alfajiri: mtoto mdogo ana homa. Shibiri alisema, "Muuguze, mwanangu, sisi tupo," kisha akapangusa vitu vyote kumi na vinne na kuingia kazini zahanati akiwa amechelewa.

Leo ni Ijumaa. Binti amesema kesho wanakuja, Mungu akipenda, kwa teksi ya jirani yake ambaye amekataa kulipwa. Shibiri amenunua daftari jipya na penseli sita, na amezichonga zote. Anatumaini riwaya itakwisha kabla ya mwaka kwisha. Ikichukua miaka miwili, anasema, chumba kipo.

Lakini kuna jambo linalomtia wasiwasi. Miaka yote kumi na mmoja amepima meza hii akiwa amesimama, macho wazi. Hajawahi kujua inakuwaje kwa anayeketi.

Anapangusa mikono kwenye khanga. Anavuta kiti cha Mwalimu na kukaa juu yake, taratibu, kama mgeni. Anafumba macho. Jua linamgusa shavu la kushoto. Ananyoosha mkono gizani, shibiri moja na vidole viwili, na vidole vyake vinafunga kwenye penseli.

"Ipo," anasema.