Mashimo ya Sifael kwenye nyasi za Mzee Nassoro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa Same bado haujaamka. Sifael Hezroni amepiga magoti nyuma ya nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Ananyofoa mashina ya nyasi kwenye kona moja chini ya mwarobaini na kuyapanda upya, moja moja, kwenye udongo mwekundu ulio wazi.

Kiwanja kina hatua ishirini na mbili kwa kumi na nane. Mpaka Agosti kilikuwa kijani chote. Sasa kijani ni hiyo kona, na viraka vichache alivyovipanda tangu mvua za vuli zianze.

"Niliziua mimi," anasema bila kuinua uso. "Wageni wakifika husema, jua la Same hilo. Nawaambia hapana, ni mimi."

Sifael, mama wa miaka 46, anatunza bustani hii kwa mwaka wa kumi na moja. Mshahara wake wa shilingi 180,000 kwa mwezi ndio uliomfikisha binti yake, Careen, chuo cha ualimu.

Nyasi alizikuta. Zilipandwa na Mzee Nassoro, mume wa mwenye nyumba, Bi Salha. Alizileta kutoka milima ya Ugweno ndani ya viroba, safari nne, nyasi za majani mapana zilizozoea ukungu, si ukoka wa huku chini unaoota hata ukikanyagwa na ng'ombe. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kuzikanyaga na viatu. Awe dereva wa lori au mkubwa wa ofisi, alivua ukingoni.

Mzee alifariki miaka mitatu iliyopita. Bi Salha aliendelea kuvua ndala kila asubuhi akivuka kwenda jikoni.

Mwaka juzi, wakati wa masika, nyasi za karibu na geti zilianza kudhoofika. Ardhi ilikuwa imeshindiliwa na miguu na viti vya wageni, maji yakawa yanatuama juu. Bwana shamba mstaafu wa mtaani, Fanueli, alimshauri Sifael aitoboe. Sifael akachukua kipande cha nondo kilichochongwa ncha, akatoboa tundu kila baada ya shubiri moja. Baada ya wiki tatu nyasi zilikuwa zimenona kuliko za kwingine kote kiwanjani.

"Kutoboa kunaipa mizizi hewa, na maji yanashuka badala ya kukimbia," anaeleza Fanueli. "Lakini tundu halina mlango. Linaloingiza maji ndilo hilo hilo linaloyatoa, na upepo wetu wa Agosti unanyonya. Kiangazi nyasi huachwa zipumzike. Angeniuliza Agosti, ningemkataza."

Hakumuuliza. "Nilijiona najua," anasema Sifael.

Agosti ya mwaka huu Bi Salha alikwenda Tanga kumuuguza dada yake. Hitma ya kumrehemu Mzee ilikuwa isomwe Oktoba, hapo hapo kwenye nyasi, na Sifael alitaka Bi Salha akirudi akute zimenona zote. Jumatatu alitoboa kutwa nzima. Alibakiza kona ya mwarobaini tu, kwa sababu viganja vilikuwa vimechubuka.

Maji ya bomba mtaani hapo hutoka Jumanne na Ijumaa. Jumanne alifungua koki, ikakohoa hewa. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka huko juu. Maji hayakutoka kwa siku kumi na moja.

Hapo ndipo sauti yake inaposhuka. Sifael amezaliwa Mbaga, milimani, ambako mashamba hunyweshwa kutoka kwenye ndiva, bwawa dogo la kukingia maji ya kijito, na kila kaya huwa na zamu yake ya kufunguliwa. "Mama yangu alikuwa akisema, usiinue jembe kabla hujajua siku yako ya maji. Ukitifua leo, maji yawe yako kesho, tena uwe umeyaona yamejaa kwa macho yako. Nimekua na neno hilo. Nikafika mjini, nikaona koki, nikadhani koki haina zamu."

Alinunua maji ya madumu. Kurwa, kijana wa bodaboda anayeegesha getini, alimletea manne manne.

"Mama Careen," alimtania, "umepanda nyasi au umepanda mashimo? Mbona yanakunywa kuliko pikipiki yangu?"

Sifael alicheka siku ya kwanza. Siku ya sita Kurwa mwenyewe aliacha utani, akashusha madumu tu.

Bi Salha alirudi siku ya kumi na mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sifael."

Alisimama ukingoni, akatazama kiwanja kilichogeuka rangi ya gunia. Akauliza, "Umekula?" Kisha akavuka kwenda jikoni, ndala zikiwa miguuni.

"Angenigombeza, ningepata usingizi," anasema Sifael.

Hitma ilisomwa, mikeka ikatandikwa juu ya vumbi.

Bi Salha, akiulizwa, hujibu taratibu. "Sifael hakuharibu kwa uvivu, aliharibu kwa kupenda. Hilo nalijua. Lakini kila shina lile lilipita mkononi kwa Mzee. Siwezi kusema halikuniuma."

Kona ya mwarobaini ndiyo pekee iliyobaki na mashina aliyoyapanda Mzee kwa mkono wake, na humo ndimo Sifael anamotoa mbegu. Anapanda siku ya maji tu, baada ya kuona ndoo imejaa. Nondo ameitundika stoo. Ataishusha masika, ardhi ikishalowa, na kwanza atapita kwa Fanueli.

Anakadiria miaka miwili mpaka kiwanja kifunike. Hana haja ya kuambiwa kuwa amesamehewa, anasema. Anangoja kitu kingine.

Mlango wa nyuma unafunguliwa. Bi Salha anatoka na birika la chai, anafika kwenye kiraka kipya kilicho njiani kwake, kipana kama kanga moja. Anasimama. Anakitazama, anatazama miguu yake, kisha anakizunguka kwa pembeni, bila kuvua ndala.

Sifael anarudisha macho kwenye udongo. "Bado ni kidogo mno kuvulia viatu," anasema, na kuchukua shina lingine.