Manjano yaliyoficha wekundu wa kidonda

Kunapambazuka, na soko la Mbekenyera, Ruangwa, limeshaanza kunukia. Kinu cha Domitila kinaita: pu, pu, pu. Anatwanga manjano makavu, na kila mchi unaposhuka vumbi linapanda na kumtua kwenye nyusi, puani, hadi kwenye kilemba.

"Mama Prisila, na manjano hayo usoni kama bi harusi, leo umekuja kuuza au kuolewa?" Sikudhani, jirani yake muuza dagaa, anamtania Domitila.

"Kuolewa. Mahari ni ndoo yako hiyo ya dagaa!" anajibu, na mchi hausimami.

Domitila ni mkulima wa Mnero, wilayani Nachingwea. Korosho zina msimu wake. Manjano ndiyo yanayomnunulia sabuni, chumvi na madaftari. Gulio likichangamka anarudi nyumbani na shilingi elfu ishirini.

Wateja wengi hawanunui ya mboga. Wanataka ya magoti, ya kiuno, ya uvimbe. Manjano ni mzizi uliotoka Asia, na huko watu wanautumia kutuliza uvimbe tangu zamani sana. Domitila naye aliusifia kuliko redio.

Mpaka masika iliyopita, binti yake Prisila wa darasa la sita alipochomwa na kisiki shambani.

Mguu ukavimba. Mama akafanya alivyozoea: manjano na mafuta ya nazi, akapaka, akafunga kitambaa. Maumivu yakapungua kidogo, akafurahi. Kesho yake akapaka tena juu ya yale ya jana. Siku zikaenda. Majirani wakipita wanasema, dawa imeshika hiyo!

"Nikiutazama mguu naona manjano tu," anasema Domitila. "Kumbe chini yake panawaka moto."

Jioni moja Prisila akakataa ugali, akaanza kutetemeka kwa homa. Mama akampakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya. Nesi Mwamina akachukua pamba na maji, akasafisha mguu polepole. Manjano yalipofifia, wekundu ukajitokeza. Ulikuwa umepanda kutoka unyayoni hadi karibu na goti.

"Mama, umepaka rangi ukuta unaobomoka," nesi akasema.

Kisha akamweleza bila kumgombeza. Kwenye damu kuna chembe za kinga, ni kama mgambo wa kijiji. Vijidudu vikiingia, mgambo wanakimbilia pale pale, ndiyo maana panavimba na kupata joto. Wataalamu wamejaribu manjano kwenye chembe hizo maabara, wakaona zinatulia.

"Lakini maabara siyo mguu wa mtoto," akasema nesi. "Halafu mwizi bado yumo ndani ya nyumba, wewe unawaambia mgambo wakalale?"

"Nilicheka huku nalia," anakumbuka Domitila.

Prisila akachomwa sindano, usaha ukatolewa. Wangekawia zaidi, mguu ungekuwa mashakani. Leo anacheza netiboli, na kovu anakuonyesha hata kabla hujamuuliza.

Akina mama, hili si jambo la kusikia na kupita. Kidonda hakipakwi kitu kinachoficha rangi yake. Kikivimba, kikipata joto, mtoto akishikwa na homa, njia ni ya kituo cha afya.

Siku hizi Domitila hachoti kabla hajauliza.

"Ya nini, dada?" anamuuliza mteja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Ya huyu. Ana jipu, usiku kucha anachemka."

Domitila anafunika sufuria yake ya manjano. "Kwako siuzi. Bodaboda ile pale, mwahishe hospitali."

Mteja anasonya, anamtazama mtoto, kisha anaelekea kwenye bodaboda.

Mwezi ujao, siku ya kupima watoto uzito, nesi Mwamina atampa Domitila nafasi ya kuzungumza na akina mama. Nesi anataka baadaye Domitila azunguke hadi Chiola, gulio kwa gulio.

"Utafilisika, mwenzangu!" Sikudhani anacheka. "Ukishawaambia hayo, nani atanunua?"

"Watanunua ya mchuzi," anajibu Domitila, akiinua mchi. "Mtoto akiwa mzima, mchuzi anakula."