Mikono Mlangoni kwa Mwalimu Gaudensia

Juzi, hapa Tunduma nilikopanga chumba, vijana walikuwa wakibandika matangazo ukutani. Gundi yao ilikuwa uji wa unga wa ngano waliochemsha kwenye kopo la rangi. Mvuke wake uliponifikia nilisimama nikakunja uso. Ni harufu yenye uchachu kidogo, kama mkate ulioanza kuharibika. Mwingine angesema imemkumbusha nyumbani akatabasamu. Mimi ilinirudishia hasira.

Nilizaliwa Uru, juu ya Moshi, mahali ambapo masika yakianza hata chumvi hulowa ndani ya kopo. Katika jengo la chama cha msingi cha ushirika, pale tulipopeleka kahawa, kulikuwa na chumba kimoja cha maktaba. Kilibaki tangu enzi za kisomo cha watu wazima, na vitabu vyake vingi vilikuwa vya ufugaji, choo bora na lishe ya mtoto, pamoja na hadithi chache zilizopoteza majalada. Mtunzaji wake alikuwa Mwalimu Gaudensia, mwanamke mrefu, mkavu, aliyewafundisha wazee wetu kusoma na ambaye hakuwahi kuacha kuwasahihisha.

Hakupendwa. Nami sikumpenda. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya kukutwa nimechana ukurasa wa kitabu chake na kuusokota niwekee karanga. Mama alinivuta sikio mpaka pale. "Mfanyishe kazi wiki mbili, Mwalimu, usimwonee huruma." Ushauri huo haukuhitajika. Wiki mbili zile zilikuja kuwa miaka miwili.

Ukimwamkia shikamoo, Mwalimu alijibu kwanza, "Mikono," ndipo ikafuata marahaba. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji, kipande cha sabuni ya mche na jiwe la kusugulia. Sababu ilikuwa migomba. Kwetu kila nyumba hufungia ng'ombe zizini na kumkatia vigogo vya migomba, na utomvu wake ni mnafiki: ukiwa mbichi huuoni, ukikauka huwa mweusi kama wino, na ukigusa karatasi hautoki mpaka Yesu arudi. Basi Mwalimu alikagua viganja na kucha za kila mtu, awe mtoto au babu. "Kitabu hakina mdomo wa kusema kimechafuliwa," alikuwa akisema. Asiyetakata alirudi kwake.

Lakini nisiwadanganye, wenzangu. Ndani ya chumba kile nilionja raha ambayo sijaipata tena katika miji yote niliyotangatanga. Mvua ilinyesha juu ya bati, Mwalimu akanuna upande wake, mimi nikanuna upande wangu, na kati yetu kitabu kilichovunjika mgongo. Nilipaka uji wa ngano kwa unyoya wa kuku, nikabandika karatasi ya mfuko wa saruji, nikakandamiza kwa tofali. Jua likitoka tulivianika vitabu kwenye vichanja vya kahawa ili ukungu usivile, na jioni vilirudi rafuni vikinukia kahawa mbichi. Siku nzima ingepita bila kuambiana maneno kumi. Kila nilichobandika nilikisoma kwanza. Nilisoma hata cha choo bora, mara mbili.

Siku moja baba alikuja. Ng'ombe wetu alikuwa amevimba kiwele, maziwa yanatoka na damu, na baba alikuwa amesikia kuna kitabu kinachoeleza tiba. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, panga kwapani. Wanaume wanne walikuwa barazani wakisubiri mizani ya kahawa.

"Mikono," alisema Mwalimu.

"Nimekuja kuchukua kitabu, mama, sikuja kuposa."

Barazani wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwangalia viganja, akamwonyesha ndoo. "Hapo utasugua nusu saa. Au rudi kesho."

Baba aliinua mikono yake akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mikono hii imeilisha nchi hii kwa kahawa," alisema, akaondoka. Mmoja wa wale wanaume akamwita kwa nyuma, "Mbe, mzee wetu, umesahau kuonyesha na masikio!" Kicheko kile kilimfuata baba mpaka kwenye kona ya barabara. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika unyoya wangu wa kuku, natamani ardhi inimeze.

Siku ya pili, kabla sijatoka nyumbani, alinivutia zizini. "Manka, kaniletee kile cha ng'ombe. Asijue mtu." Nilikitoa chini ya sweta, bila kukiandikisha. Alikisoma palepale zizini, akitamka silabi kwa midomo, huku akikata migomba. Alikanda kiwele kwa maji ya moto, akakamua kila baada ya muda mfupi kama kitabu kilivyosema, na wiki haikuisha ng'ombe akapona. Nilipokirudisha rafuni, ukurasa wa kiwele ulikuwa na alama za vidole vyake, vitatu vyeusi, vimekaa kama muhuri. Nilingoja nichapwe. Mwalimu hakusema kitu, nikaamini hajaona.

Mwaka uleule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda mlimani na magari yao. Mmoja alitaka chumba cha maktaba kiwe stoo yake. Mkutano ukaitwa Jumapili baada ya misa, uwanjani kwenye jengo la chama. Mwalimu alikaa mbele kabisa na vitabu vitano mapajani, vya kuonyesha. Sisi watoto tuliegemea ukuta, na kutoka hapo niliiona migongo ya vitabu hivyo: cha juu kabisa kilikuwa kile cha ng'ombe.

"Leo hutukagui, Mwalimu?" mtu alipaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Baba ndiye aliyesimama kuunga mkono stoo. Sijawahi kumsikia akiongea vizuri vile. "Chumba kile ni cha panya na mwanamke mmoja," alisema. "Wanunuzi wamekuja na bei, sisi tunatunza vumbi. Aliyewahi kusoma kitabu cha pale anyooshe mkono tumwone."

Hakunyoosha mtu.

"Mwalimu, una la kusema?" mwenyekiti aliuliza.

Mwalimu alifungua kitabu cha ng'ombe, na kilifunguka chenyewe pale penye vidole. Aliutazama ukurasa. Akamtazama baba, ambaye alikuwa bado amesimama na sasa shingo yake ilikuwa imekakamaa. Kisha akageuka akanitazama mimi pale ukutani. Akakifunga.

"Sina," alisema.

Jumatatu vitabu vilitolewa kwa magunia ya kahawa. Vingine vilikwenda shuleni, vingine dukani vikafungie sukari na maandazi. Baba hakuzungumzia habari hiyo, wala mimi sikuzungumza naye kwa siku nyingi. Lakini aliyenichoma zaidi alikuwa Mwalimu. Alikuwa na ushahidi mkononi, akaachia chumba chetu kichukuliwe! Nilimwita mwoga moyoni. Nilipokutana naye bombani nilimpita kavu, bila shikamoo, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumtemea mtu mate.

Mara ya tatu alinizuia na ndoo yake. "Manka, umekatwa ulimi?"

"Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Ningewaonyesha nini? Kwamba mtu alisoma kitabu akaponya ng'ombe wake?" Alijitwika ndoo. "Hilo si kosa la kumshitakia mtu."

Niliona hajanijibu. Nikaendelea kumnunia mpaka nilipokwenda sekondari ya bweni, na baada ya hapo sikukaa tena Uru, wala sehemu nyingine yoyote kwa muda mrefu.

Imenichukua miji mingi kuelewa kwamba alinijibu. Angeinua ukurasa ule, kicheko cha barazani kingemrudia baba mara mia, naye asingegusa kitabu tena maisha yake yote. Na jioni ile ningekuwa mimi wa kuulizwa kitabu kilitokaje rafuni. Mwalimu alichagua kupoteza chumba.

Hilo nimelikubali. Linalonikasirisha mpaka leo ni swali la baba. Aliuliza nani amesoma, na hakusema watu wazima tu. Uwanjani pale palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa amevisoma vitabu vya chumba kile karibu vyote, kimoja baada ya kingine, kwa miaka miwili. Mtu huyo aliegemea ukuta, mikono nyuma, akisubiri mtu mwingine aseme.