Kibati Namba Tisa

Baba alikuwa fundi wa ndege kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuruka nazo hata siku moja. Akiulizwa sababu, anajibu, "Mimi nazijua kwa ndani." Tangu astaafu hakutaka hata kuzisikia. Ndiyo maana nilishangaa aliponiomba nimpeleke kwenye makumbusho ya ndege, na nikashangaa zaidi aliponiambia, "Shangazi yako asijue."

Nilimbana mpaka akasema. Katika karakana yao kulikuwa na ubao wa vifaa, kila kifaa kimechorewa umbo lake. Ukichukua spana, unatundika mahali pake kibati chako cha shaba chenye namba yako. Spana isiporudi, anajulikana wa kuulizwa. Jioni moja spana fupi haikurudi, na mahali pake kilining'inia kibati namba tisa, cha mume wa shangazi. Ndege waliichungulia juujuu tu, maana abiria walikuwa wanasubiri. Yeye walimpekua mpaka soksi, kisha wakamfukuza kazi kama mwizi.

Huyo mume wa shangazi tulimwita Rula, kwa sababu hata kijiko cha chai alikilaza sambamba na ukingo wa meza. Mtu wa namna hiyo aibe spana aipeleke wapi?

"Alinipa mimi," baba alisema, macho kwenye viatu vyake. "Mkono kwa mkono. Nilikuwa nimejikunja ndani ya mkia, nikaona uvivu kutoka nikabadilishe kibati. Lakini nilimrudishia. Nakumbuka nilimrudishia."

"Wakubwa uliwaambia?"

"Niliwaambia sijui kitu. Wewe ulikuwa na miezi minne."

Sikupenda kuingizwa kwenye kesi hiyo. Mtu mzima akikosea, mtoto ndiye anayesukumwa mbele kujibu. Rula alifariki mwaka juzi, baada ya miaka thelathini ya kuziba pancha za baiskeli. Ndege yenyewe iliendelea kuruka kwa miezi miwili tu baada ya siku ile, ikastaafishwa, ikaachwa nyasini mpaka watu wa makumbusho walipoiokota. Baba alitaka jambo moja: auone ule mkia mtupu, apate usingizi.

Mke wangu hana kifua. Jumamosi nilipotoka nje nilimkuta shangazi ameshakaa kiti cha mbele, mkanda amefunga.

"Mume wangu alizitengeneza hizo ndege," alisema. "Au wajane hawaruhusiwi?"

Baba alipanda nyuma.

Makumbusho yalikuwa banda kubwa la mabati, lenye baridi, linanuka rangi mbichi. Shangazi alianza mlangoni, akisoma kila kibao kwa sauti. Baba alipita moja kwa moja hadi kwenye ndege yake. Walikuwa wameipaka rangi mpya isiyolingana na umri wake, na kwenye mkia wameondoa kifuniko ili wageni waone nyaya za ndani. Mlinzi alikuwa anasinzia kitini. Baba alivuka kamba, akatoa mfukoni kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile wanachotumia mafundi kuona kona zisizofikiwa na jicho. Mimi nikamulika kwa simu.

Alitazama kushoto, akatazama juu. Kisha akabaki ameinama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Baba, vipi?"

Akanipa kioo. Spana fupi ilikuwa nyuma ya bomba, imeota kutu, imelazwa vizuri kama kitu kilichowekwa kwa dakika moja tu. Niliona uchungu, na niliona aibu, na kusema kweli nilitamani baba aseme hakuna kitu, twende zetu.

Shangazi alikuwa ameshafika nyuma yetu. Baba hakugeuka.

"Dada, shemeji hakuiba. Spana nilikuwa nayo mimi. Imo humu."

Shangazi alisogea karibu naye.

"Kuiba, nilijua hakuiba," alisema. "Lakini yeye alijua ameipoteza. Si ulimwambia umemrudishia? Akakuamini, kaka. Akasema shemeji hawezi kunidanganya, basi nimesahau mimi. Hata wiki ile ya mwisho, mimi mwenyewe hanijui tena, bado ananituma nikamtazamie spana kwenye ovaroli."

Baba alishika ile kamba kama mtu anayetafuta pa kukaa.

Shangazi alikichukua kioo mkononi mwangu, akainama polepole, magoti yakimuuma, akauliza ni ipi. Nikamwonyesha. Akaitazama sana.

"Ovaroli bado iko nyuma ya mlango," alisema. "Nimeipekua mpaka mifuko imetoboka."

Akanirudishia kioo mimi, si baba, akatangulia kwenda garini.