Ovari Inayobaki

Tulitoka Ilula alfajiri, tukafika hospitalini Mbeya miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi. Binti yangu alikuwa aondolewe ovari moja, kifuko cha mayai ya uzazi, yenye uvimbe. Daktari akaomba kipande cha ovari hiyo kwa utafiti wa kuwasaidia wanawake wasiopata watoto. Binti yangu, ambaye bado hajazaa, akakataa.

"Nitakuwa nimegawa wanangu."

Nilikuwa nimechoka hata kusali. Nikasema, "Basi chukueni yangu."

"Mama, yako imeshastaafu," daktari akajibu.

Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. Kisha akamuuliza, "Hiyo nyingine, iliyo nzima, mnaniachia?"

"Tunakuachia. Hatuigusi."

Akatia sahihi fomu ya kutoa kipande. Nikainamisha kichwa, nikamshukuru Mungu kwa hiyo moja.