Mwaka Nilioiacha Milanzi Ikauke

Kwetu Njombe, matanga yanapoisha, nguo za marehemu hugawiwa kwanza, kisha watoto. Nguo za mama zilitandazwa uani juu ya mkeka. Sweta lake la mitumba lilichukuliwa na shangazi aliyeolewa Lupingu, kule ziwani ambako sweta halivaliki kwa joto. Akiwa bado analikunja, akauliza, "Na hawa?"

Hawa tulikuwa sisi: mimi, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la pili, na binti wa mwisho, ambaye hakuwa ameanza kitu chochote isipokuwa kuuliza mama ataamka lini. Baba alikuwa ametangulia mwaka uliopita. Ugonjwa wao haukutajwa jina. Watu walisema "kifua", wakavuta viti nyuma kidogo.

Aliyeamua ni baba mdogo, mzee wa kanisa. Alinyoosha mkono kuelekea bondeni, kwenye milanzi ya baba.

"Ile ndiyo itakayowalisha. Huyu mkubwa aache shule, ageme. Ikiendelea kutoa, watoto wasiguswe. Siku ikiacha kutoa, tutakaa tena."

Watu wakaitikia. Kikao kiliisha mapema, wakaenda kunywa.

Mlanzi ni mwanzi unaotoa pombe. Mvua zinapoanza, machipukizi yake huchomoza manene kama mkono. Unakata ncha, unatundika mbeta, yaani chombo cha mwanzi, ili ikinge utomvu, na kila asubuhi na kila jioni unachonga tena kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Ulanzi hushuka mtamu. Ukilala, unakuwa mkali. Ukiacha kuchonga siku chache jeraha hukauka, na chipukizi hilo huwezi kulibembeleza. Utasubiri mengine, mvua za mwaka unaofuata.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Makambako maduka yalifurika vitenge, redio na sabuni za kila rangi, lakini kwetu ghala la ushirika lilikuwa limefungwa kufuli na pareto ya watu ilikuwa inaoza majumbani. Kitu ambacho mtu aliweza kuuza leo akala leo kilikuwa ulanzi. Kwa hiyo niligema. Chakula kilipopungua niliwapa wadogo zangu ulanzi mtamu wa asubuhi, kama nyumba zote zilivyofanya. Hakuna aliyeona ubaya wake, na mimi sikuuona.

Asubuhi moja binti wa mwisho alijichotea ule uliolala. Nilipotoka bondeni nilimkuta uani anayumba, wateja wangu wamemzunguka wanampigia makofi.

"Cheza, mke wangu, cheza!"

"Mwongezeeni! Huyu atamaliza mbeta nzima!"

Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Alikuwa anacheka kwa sababu wao walikuwa wanacheka. Kisha akatapika, na hapo ndipo walipocheka mpaka wakashikana mabega.

Jumapili nilimbeba kanisani. Alilala begani kwangu huku nguo yake ikinuka, na mama mmoja aliyekaa kando yetu akasogea. Mahubiri ya siku hiyo siyakumbuki. Nakumbuka kwamba katikati ya wimbo nilijua kuwa natakiwa nisichonge tena. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilijua tu, kama unavyojua kuwa mtu amesimama nyuma yako. Nilijua pia kwamba sikuambiwa tutakula nini. Niliisubiri sehemu hiyo mpaka ibada ikaisha, haikuja.

Kesho yake nikashusha mbeta zote, nikazipasua kuni. Wateja walinikuta nazichochea jikoni, wakanisalimu.

"Kamwene, mgemaji. Vipi, milanzi imegoma?"

"Mimi ndiye nimeacha."

"Umeacha? Unaumwa?"

"Nimeokoka."

Walitazamana, kisha mmoja akapiga magoti mbele yangu na kikombe chake kitupu kichwani. "Nibatize basi, mchungaji. Lakini kwa ule mkali!" Walipomaliza kucheka, mwingine, aliyekuwa rafiki wa baba, akasema taratibu, "Baba yako kafa na kifua. Wewe utakufa na njaa, na utawazika hawa kwanza."

Baba mdogo alikuja kabla jua halijawa kali. Alinipita bila salamu, akashuka bondeni, akagusa jeraha moja kwa kidole. Lilikuwa bado bichi.

"Inaokoleka. Chukua kisu."

"Siwezi, baba."

"Mimi ni mzee wa kanisa tangu hujazaliwa, nakunywa, na mchungaji anajua. Mungu kakwambia wewe peke yako?"

"Sijui, baba. Mimi kaniambia."

"Kakwambia hawa watakula nini?"

"Hajasema."

"Basi muulize. Mimi nina subira."

Akakaa kweli juu ya jiwe, akakunja mikono, akanisubiri nimwulize Mungu. Na mimi niliuliza. Nilisimama mbele yake nimefumba macho, nikauliza kwa moyo wangu wote, nikasikia maji ya kijito na nzi kwenye majeraha ya milanzi. Nilipofumbua macho alikuwa anakung'uta suruali.

"Kimya, siyo? Mimi nina milanzi yangu na watoto wangu. Siwezi kulisha wa marehemu wakati kaka yao ana mikono miwili. Jumamosi tutakaa."

Nilikwenda kwa mchungaji. Nilimwomba awahifadhi wadogo zangu mpaka nipate kazi. Alinisikiliza vizuri, akanisifu, akasema uamuzi wangu umemjenga.

"Ila nyumba hii ni ya kanisa, kijana wangu, siyo yangu. Nitakuombea."

"Na wadogo zangu?"

"Nao nitawaombea."

Jumamosi hapakuwa na nguo za kugawa, wakaanza moja kwa moja na watoto. Mjomba aliyetoka Matamba alimshika mdogo wangu mikono, akaiminya juu ya kiwiko. "Huyu ataweza kuchimba viazi," akasema. Shangazi wa Lupingu alimchukua binti kwa kuwa alihitaji mtu wa kubeba maji. Wakati wanambeba njiani, binti aligeuka, akaanza kunililia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikiwa nashughulika na mambo mengine kabisa.

"Kaka, nitaacha! Sitakunywa tena! Kaka, sitakunywa tena!"

Alidhani anafukuzwa kwa sababu ya kile kikombe.

Nilitaka kukimbia nimweleze. Baba mdogo alinishika shati. "Acha. Ulitaka kumtii Mungu, mtii sasa."

Nilikwenda Makambako kwa miguu. Mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu mwenye malori alinipa kazi ya kupakia viazi na mahindi, kwa sababu wapakiaji wake walikuwa wanalewa. "Hunywi kabisa?" aliniuliza. "Wewe umekosea msikiti tu, kijana." Alikuwa mkali na ulimi wake ulikuwa mchafu, lakini hakuwahi kunicheleweshea ujira, na sala zake na zangu hazikugombana. Nikapanga chumba mtaa wa Lyamkena, hapo hapo Makambako. Kila jioni niliwataja wadogo zangu wawili kwa Mungu, na kila jioni nilipata kimya kile kile cha bondeni. Niliendelea, kwa kuwa sikuwa nimeambiwa niache.

Mdogo wangu wa kiume alikuja mwenyewe, amelala juu ya magunia ya viazi kwenye lori lililotoka Makete, upande wa kwa mjomba. Mgongo wake ulikuwa na alama ambazo hakutaka kuzieleza. Nilimpeleka shule, wakamweka na watoto waliokuwa wanamfika kifuani.

Kisha nikaenda kumchukua binti. Nilishuka milima ya Ludewa mpaka ziwani nikiwa na sweta jipya kwenye mfuko, kwa maana Makambako ni baridi. Nilimkuta nje ya nyumba ya shangazi, kati ya wavuvi waliokaa kwenye magogo, akiwagawia pombe ya mahindi kwa kata. Hakumwaga hata tone. Alikuwa amerefuka. Niliposema mimi ni nani, alimaliza kwanza kumhudumia aliyekuwa mbele yake.

"Nimekuja tuondoke," nikasema. "Nimepata chumba. Kaka yako yupo."

Alilishika lile sweta, akalipima kifuani. Lilikuwa la mtoto niliyemkumbuka mimi.

"Dogo," akasema.

"Nitanunua jingine. Twende."

"Nilikwambia sitakunywa tena."

"Hukufukuzwa kwa hilo. Mungu aliniambia niache kugema."

"Mimi hakuniambia kitu." Mvuvi mmoja akaita, akageuka. "Nakuja, baba!" Kisha akanirudishia sweta. "Nenda, kaka. Hawa wananisubiri."

Shangazi alisema kutoka mlangoni, "Mlimtupa, tukaokota." Nikapanda mlima peke yangu.

Baba mdogo alipofariki nilirudi Njombe kwenye nyumba ya baba, na milanzi ikawa chini yangu. Kila mvua machipukizi yalichomoza, nikayaacha yakawa miti ya kujengea. Majirani waliniita mpotevu wa mali. Niliomba kitu kimoja, binti arudi nyumbani.

Alirudi, mtu mzima, na mtoto mgongoni. Hakuniamkia. Alisema amekuja kuchukua sehemu yake ya bondeni, na nisingeweza kumnyima: alikuwa amezaliwa pale kama mimi. Nikampa nusu ya upande wa kijito. Siku hizi, mvua zikianza, naamka nasikia anachonga, na wateja wake wakipita uani kwangu hunipigia kelele: "Mchungaji, dada yako anatubatiza!" Yeye hucheka nao. Jumapili nampitia mlangoni kumwita twende ibadani, naye hufunga mlango. Jumapili inayofuata nampitia tena.

Aliniomba kisu cha baba, kile nilichokuwa nagemea. Hicho sikumpa. Alinunua kingine sokoni, kikali zaidi.